Uko Garsen na Unacode? Hivi Ndivyo Unaweza Kuprogramu Roboti ya Mars

Msee wa Tana River, hebu cheki hii. Umetuma mzigo Lamu kutoka Garsen, na mto umevunja kingo kama ile 2023. Unamwandikia dere, "Kuna maji mbele, shika breki!" Sasa meseji ichukue dakika 20 kumfikia. Gari litakuwa limeshaogelea kitambo.

Hiyo ndiyo noma ya Mars. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika huko, kulingana na umbali wa sayari siku hiyo. Hakuna mtu anaweza kaa duniani akaiendesha roboti kama gemu ya simu. Lazima ijiamulie yenyewe: ione shimo, isimame, itafute njia nyingine. Huo ubongo ndio wewe programa unaandika.

NASA ilikuwa na shindano la hivyo, Space Robotics Challenge. Fainali ya 2017 roboti haikuwa ya chuma, ilikuwa ndani ya kompyuta, kwa Mars ya kuigiza. Mshindi, Kevin Knoedler wa California, aliingia solo akabeba dola 125,000 na bonasi juu.

Unaanzia wapi? Python kwanza. Halafu ROS, programu ya kuendesha roboti, na Gazebo, ile dunia ya kuigiza. Zote ni za bure. ROS ina kakobe ka kwenye skrini, turtlesim. Ukikafanya katembee mraba bila kukagusa, umeanza. Huna laptop? Changeni na mabeshte mtumie moja.

Ukiiva, ingia NASA Space Apps Challenge. Ni ya kila mwaka, wikendi moja, haina kiingilio, na unaweza kushiriki kwa mtandao. Si maswali yote ni ya roboti, so soma kabla uchague.

Na usiseme anga si yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Hao ni majirani zako.

Tena hii kitu si ya Mars pekee. Code inayokwepa shimo bila kuuliza mtu ndiyo inaweza kuongoza droni ya dawa hadi kijiji kilichozingirwa na maji. Na tabia za mafuriko ya Tana, nani anazijua kukushinda?