Digrii ya Sayansi ya Mazoezi: Weka Akiba ya Miaka 7, Si 4

Ndugu zetu mlioko Marekani, mtoto akisema anataka kusoma sayansi ya mazoezi ya mwili, wengi mnadhani ni kozi ya kucheza mpira tu. Sivyo. Atasoma anatomia, fiziolojia na kemia: moyo, mapafu na misuli vinafanyaje kazi mwili ukiwa mazoezini.

Tatizo liko kwenye hesabu. Digrii ya kwanza ni miaka 4. Akiishia hapo, anaweza kufundisha mazoezi jimu, kuwa kocha wa viungo wa timu, au kusimamia mazoezi ya wagonjwa wa moyo wanaorudisha nguvu. Cheti cha CSCS cha chama cha NSCA humwongezea nafasi kwenye timu.

Lakini wengi huingia kozi hii wakilenga tiba ya viungo. Hapo anahitaji DPT, kwa kawaida miaka 3 zaidi, kisha mtihani wa leseni. Jumla 7. Hela ikiisha mwaka wa 4, kinachobaki ni mkopo.

Tunashauri hivi:

- Muulizeni mapema anataka kuishia wapi.
- Miaka 2 ya mwanzo asome chuo cha jamii, ada ni nafuu. Kwanza hakikisheni chuo kikuu anachokitaka kitayapokea masomo hayo.
- Fungueni akaunti ya 529. Faida yake ikilipia ada, haikatwi kodi ya serikali kuu.
- Hela ya nyumbani ipangieni kiwango sasa hivi, wazee wasije wakakatiwa ghafla mwaka wa 5.