Je, Wajua? Mnara wa Taa wa Aleksandria

Je, wajua kwamba wasafiri wawili waliotuachia habari za mnara wa taa wa Aleksandria, Misri, waliwahi pia kukanyaga pwani yetu? Al-Masudi wa Baghdad alifika Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanaamini ni Pemba, mnamo mwaka 916. Ibn Battuta wa Tangier alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Mnara wenyewe ulikuwa mkongwe hata zama zao. Pwani ya Misri ni tambarare, nahodha atokaye bahari kuu haoni mlima wa kumwelekeza, na mlango wa bandari una miamba. Ndiyo sababu ulijengwa kwenye kisiwa cha Pharos, ukakamilika karibu na mwaka 280 KK, enzi ya Mfalme Ptolemy wa Pili. Ulipita mita 100 kwenda juu: sehemu ya chini ya mraba, ya kati ya pembe nane, ya juu ya mviringo. Usiku ulikokwa moto. Pliny wa Roma aliandika kwamba ujenzi uligharimu talanta 800, na kwamba moto usiozimika ulikuwa na hatari yake: ukiwa mbali, ungeweza kudhani ni nyota.

Wajua jina la mjenzi lilivyobaki? Mwandishi Lucian anasimulia kwamba Sostratus wa Knidos alichonga jina lake kwenye jiwe, akalifunika kwa chokaa, kisha juu ya chokaa akaandika jina la mfalme, akijua siku moja itabanduka. Kisa kitamu, lakini mimi namwamini zaidi Pliny, aliyeandika kabla ya Lucian: yeye anamsifu mfalme kwa kumruhusu Sostratus aandike jina lake waziwazi.

Al-Masudi naye alinakili hadithi ya jasusi wa Kaisari wa Konstantinopoli aliyemdanganya Khalifa al-Walid kwamba chini ya mnara kumefukiwa hazina, sehemu ya juu ikabomolewa kwa tamaa. Hiyo ni hadithi. Matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyouangusha kidogo kidogo, la mwaka 956 na hasa lile kubwa la 1303.

Kwa upande wangu, aliyetupa picha iliyo hai kuliko zote ni Ibn Battuta. Alifika mwaka 1326 akakuta upande mmoja umeporomoka, ila bado aliweza kuingia. Mlango, anasema, ulikuwa juu sana kutoka ardhini. Mbele yake palikuwa na jengo la kimo sawa na mlango, na kati yao zimetandazwa mbao za kuvukia. Mbao zikiondolewa, hakuna aingiaye. Ndani mlikuwa na mahali pa kukaa mlinzi, na vyumba vingi. Akapima kwa shibiri: kila upande wa mnara shibiri 140.

Akarudi mwaka 1349, baada ya kuzunguka mpaka Kilwa, India na China. Safari hii hakuweza kuingia wala kuufikia ule mlango, kwa jinsi mnara ulivyobomoka. Sultani al-Nasir alikuwa ameanza kujenga mwingine kando yake, lakini mauti yakamkuta kabla haujakamilika.

Na mawe yake je? Karibu na mwaka 1480 Sultani Qaitbay alijenga ngome palepale, akitumia pia mawe ya mnara. Ngome hiyo ipo hadi leo. Mengine yalizama, na kuanzia mwaka 1994 wapiga mbizi wakiongozwa na Mfaransa Jean-Yves Empereur waliyachunguza chini ya maji. Mwaka 2025 yakaopolewa mawe 22 makubwa, yakiwemo ya fremu ya mlango, mengine yenye uzito wa tani 70 hadi 80, ili wataalamu wayapige picha na kuuunda mnara upya kwenye kompyuta.