Kwa nini programu ya hesabu huweza kupungua kasi baada ya kompaila kusasishwa?

KIGALI – Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya udongo magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Maafa ya namna hiyo yanakumbusha kwamba utabiri wa hali ya hewa una manufaa pale tu unapowafikia wananchi kabla ya mvua yenyewe. Utabiri huo hutokana na hesabu nyingi mno za namba zenye desimali, na kasi ya hesabu hizo hutegemea pia chombo ambacho wengi hawakifahamu: kompaila.

Kompaila ni programu inayofasiri maelekezo yaliyoandikwa na mtaalamu kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kuzitekeleza. Fortran, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ingali inatumika katika programu za utabiri kama WRF.

Toleo jipya la kompaila hutarajiwa kuongeza kasi. Wakati mwingine hutokea kinyume: programu ileile, kwenye kompyuta ileile, huanza kuchukua muda mrefu zaidi.

Chanzo kimojawapo ni tabia ya namba zenyewe. Katika mfumo wa desimali unaotumika sana, uliowekewa kanuni ya IEEE 754 mwaka 1985, kompyuta huhifadhi takriban tarakimu 16 tu. Chukua 10,000,000,000,000,000, ongeza 1, kisha toa ile namba kubwa: kompyuta itajibu 0, kwa kuwa ile 1 imepotea njiani. Ukitoa kwanza ndipo uongeze, jibu ni 1. Kwa sababu hiyo, kompaila haipaswi kubadilisha mpangilio wa hesabu bila idhini.

Prosesa nyingi za kisasa zinaweza kukokotoa namba nne au zaidi kwa mpigo mmoja. Lakini kompaila huzipanga namba katika mafungu pale tu inapojiridhisha kwamba jibu litabaki lilelile. Rekebisho dogo katika toleo jipya linaweza kuifanya ishindwe kujiridhisha, ikarudi kukokotoa moja moja.

Uchunguzi huanza kwa vipimo. Matoleo yote mawili hujaribiwa kwenye mashine moja, kwa takwimu zilezile, mara kadhaa, ili tofauti ya bahati isidhaniwe kuwa kasoro. Kisha hutafutwa sehemu ya programu iliyopungua kasi, na amri zilizozalishwa na matoleo hayo hulinganishwa.

Kumpata mhusika halisi, wataalamu hugawanya orodha ya marekebisho nusu kwa nusu. Kati ya marekebisho 1,000, majaribio 10 hivi hutosha kuonyesha lililoleta tatizo.

Ipo njia ya mkato: kuiruhusu kompaila ipuuze kanuni za mpangilio. Kasi inaweza kurudi, lakini majibu yanaweza kubadilika, na katika utabiri tofauti ndogo huweza kukua siku baada ya siku.

Kwa vijana wanaosomea hisabati na teknolojia jijini Kigali, katika taasisi kama AIMS na Carnegie Mellon University Africa, hapo pana funzo: kabla ya kufurahia kasi iliyorejea, hakiki kwanza kwamba majibu bado ni sahihi. Utabiri uliochelewa hauna faida, na uliokosewa unaweza kugharimu maisha.