Supu ya Njegere Kavu
Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji mtupu wa mahindi hudhoofika, kwa kuwa mahindi hayana chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Njegere kavu zilizopasuliwa huujaza upungufu huo.

Mpishi huziondoa mawe njegere kikombe kimoja, huziosha, kisha huzitia katika vikombe vinne vya maji. Hakuna haja ya kuziloweka. Povu huenguliwa, ndipo hutiwa kitunguu na karoti. Moto uwe mdogo kwa muda wa saa moja, na mwiko upitishwe mara kwa mara ili supu isishike chini. Nyanya hutiwa mwisho, njegere zikiisha kulainika, kwani ukali wake huzichelewesha kuiva. Mtoto hupewa supu iliyopondwa, pamoja na ugali.