Huogopwa kwa Kuwa Husamehe

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe wa nyuma, weka chini hizo korosho.

Mwenzenu mmoja aliniuliza tulipotoka kanisani: "Babu, kama Mungu anasamehe, tunamwogopea nini?" Swali hilo, niseme kweli, lilikuwa tamu kwangu kuliko mahubiri yenyewe.

Zaburi ya 130 inalijibu kwa namna ya ajabu. Mngetarajia iseme Mungu huogopwa kwa sababu anaadhibu. Haisemi hivyo. Inasema kwake kuna msamaha, na kwa ajili hiyo watu humcha.

Watu wa kwanza wa misheni ya Masasi wangelielewa neno hilo upesi. Walikuwa watumwa walioachwa huru. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka nao Unguja, wakashukia Lindi, wakatembea kwa miguu hadi kwenye majabali haya mnayoyapanda kila siku. Bwana waliyemjua ni yule wa fimbo: ukivunja mtungi, unachapwa; ukitoroka, unarudishwa kwa minyororo. Mtu wa namna hiyo unamwogopa akiwepo. Akikupa kisogo, unamtukana kimoyomoyo. Sasa wakaambiwa yuko Bwana anayelisikia hata tusi hilo la moyoni, na bado anakuita mwanawe. Mbele ya huyo, mtu hupiga magoti bila kusukumwa.

Ila mnajua Sala ya Bwana ina sharti lake: tunaomba tusamehewe jinsi nasi tunavyowasamehe waliotukosea. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Wakaua, wakachukua mateka. Padri Porter aliwafuata hadi kwao kwenda kuwakomboa waliotekwa; misheni nayo ikahamia juu Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Sitawadanganya kwamba watu walisamehe siku ile ile. Mama aliyenyang'anywa mtoto hasamehe kwa kuamriwa.

Sasa mkumbukeni mwingine aliyekuwa na mengi ya kusamehe, Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akaingia utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Unguja. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, upande wa Newala, kwa Wayao wenzake. Na baadhi ya wakuu wa Kiyao, msisahau, walikuwa wafanyabiashara wa watumwa. Shemasi hufundisha, huhubiri, hutembelea wagonjwa. Lakini katika Kanisa la Anglikana hana ruhusa ya kuwatangazia watu maondoleo ya dhambi. Hiyo ni kazi ya kasisi. Mwaka 1890 Majaliwa akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akarudi Chitangali.

Basi watu walipoungama, huenda mmoja wao aliwahi kubadilisha binadamu kwa jora la nguo. Na aliyesimama mbele yake, akamwambia kwa jina la Mungu kwamba amesamehewa, alikuwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa.