Wembamba wa Kiti: Mninga wa Mpanda na Samani za Katikati ya Karne

Katika sebule moja ya mjini Mpanda, si mbali na kituo cha reli, nilikaribishwa na mwenyeji aliyekuwa na viti vya aina mbili. Upande wa dirisha palikuwa na kochi jipya la mninga, pana, lenye miguu minene kama kinu na mikono iliyonakshiwa maua. Pembeni palikuwa na kiti cha zamani, chembamba, cha mbao zisizo na nakshi yoyote, chenye mito miwili ya kuondolewa. Nilipoelekea kwenye kochi, mwenyeji alinizuia kwa upole: "Mwalimu, kaa hapo kwenye cha marehemu baba. Hilo kubwa linacheza."

Kochi hilo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kiti, kwa maelezo yake, kilikuwa cha babake tangu alipokuwa mtumishi wa serikali kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Vyote viwili ni vya mninga. Kilichotumia mbao nyingi kimelegea. Kilichotumia mbao chache kimesimama imara. Makala hii inakusudia kueleza sababu za jambo hilo, na kuonyesha kwamba halihusu urembo wa sebule peke yake, bali linahusu pia misitu ya Mkoa wa Katavi.

Mtindo uliolelewa na uhaba

Kiti cha yule marehemu ni ndugu wa mbali wa samani ambazo leo hutafutwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani, zile zilizotengenezwa takriban kati ya mwaka 1945 na 1970. Wataalamu huziita samani za kisasa za katikati ya karne, jina lililoenea baada ya mwandishi wa Kimarekani, Cara Greenberg, kutoa kitabu chake juu yake mwaka 1984. Alama zake ni mistari minyoofu, miguu inayopungua unene kuelekea chini, mbao zinazoachwa zionyeshe rangi yake ya asili, na kutokuwepo kwa nakshi.

Mizizi ya mtindo huo ni ya zamani zaidi. Nchini Ujerumani, shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mwaka 1919 na kufungwa mwaka 1933, ilifundisha kwamba umbo la chombo sharti litokane na kazi yake. Nchini Denmark, Kaare Klint alianza mwaka 1924 kufundisha uchoraji wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen. Aliwataka wanafunzi wake wapime kwanza mwili wa binadamu na vyombo vya zamani vilivyokwisha kuthibitishwa na matumizi, kabla ya kubuni chochote kipya.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Uingereza, ikikabiliwa na upungufu mkubwa wa mbao, iliweka mwaka 1942 mpango wa samani za lazima, ambapo viwanda viliruhusiwa kutengeneza tu vyombo vilivyochorwa na kamati ya serikali, imara na visivyo na mbao za ziada. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1952. Huko Marekani, Charles na Ray Eames walitengeneza magango ya plaiwudi iliyopindwa kwa ajili ya miguu ya majeruhi wa jeshi la majini. Vita vilipokwisha, wakatumia ufundi ule ule kutengeneza viti. Hivyo basi wembamba tunaousifu leo haukuanza kama pambo. Kwa sehemu kubwa uhaba ndio uliokuwa mwalimu wake.

Safari iliyofika Denmark

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Mwaka 1933 Klint alibuni kiti kinachojulikana hadi leo kwa jina letu wenyewe, "kiti cha safari". Mfano wake aliuona katika picha za kitabu cha Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kimarekani waliopiga filamu za wanyamapori wa Afrika Mashariki. Kiti hicho asili yake ni jeshi la Waingereza nchini India, mwishoni mwa karne ya 19, nacho kilibebwa na wapagazi katika misafara ya wawindaji na wasafiri.

Ujanja wake uko katika viungo. Hakina gundi wala msumari. Ncha za mbao zinazounganisha miguu zimechongwa kama pia, nazo huingia katika matundu yenye umbo hilo hilo. Mtu anapoketi, turubai la kitako huvutika kwa uzito wake na kuikaza miguu dhidi ya ncha hizo. Kadiri uzito unavyoongezeka, ndivyo viungo vinavyokaza. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kila mguu una nafasi ya kujisogeza kidogo, kiti hukaa sawa hata penye mabonde. Hapa nguvu haitokani na wingi wa mbao, bali na uelewa wa mahali uzito unapopita.

Reli, risasi na mninga

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianza kujengwa njia ya reli ya kilometa 210 hivi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa baadaye, lakini reli ilibaki, na kwa njia hiyo misitu ya miombo ya eneo hilo iliunganishwa na masoko ya mbali. Katika miombo hiyo ndimo unamoota mninga, ambao jina lake la kisayansi ni Pterocarpus angolensis. Ganda lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na tunda lake ni duara lenye bawa pande zote na miiba katikati.

Katika miaka hiyo hiyo, Idara ya Kazi za Umma, ambayo wazee bado huiita PWD, ilikuwa ikitengeneza samani za nyumba na ofisi za serikali kwa vipimo vya namna moja. Mbao zilizotumika sana ni mninga na mvule. Kiti chake cha sebuleni kilikuwa na miguu minne, mikono bapa, kiegemeo cha fito kilicholala nyuma kidogo, na mito miwili ya kuondolewa. Hakuna aliyekitangaza katika maonyesho ya Ulaya. Hata hivyo, kanuni zake ni zile zile: vipimo vya mwili, mbao za kutosha tu, na viungo vya ulimi na tundu.

Mbao haitulii

Kwa nini basi kochi jipya linacheza? Jibu la kwanza ni maji. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi. Unapokauka, maji yaliyo wazi ndani ya seli hutoka kwanza, na ubao haubadiliki kipimo. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, maji yaliyoshikwa na kuta za seli huanza kutoka, na hapo ndipo ubao unapoanza kunywea. Kwa urefu hunywea kidogo mno. Kwa upana, kunywea kwa kufuata mzingo wa pete za mti, katika miti mingi, ni takriban mara mbili ya kunywea kutoka kiini kuelekea ganda. Tofauti hiyo ndiyo inayopinda na kupasua mbao.

Jambo hili haliishi ubao unapokauka. Mbao hubadilishana maji na hewa maisha yake yote. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, kama siku za masika, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 16 hivi. Hewa ikikauka hadi asilimia 30, kama mchana wa kiangazi, mbao hushuka taratibu kuelekea asilimia 6. Katavi, yenye mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na kiangazi kikali baada ya hapo, huzijaribu samani kila mwaka.

Tuchukue ubao wenye upana wa sentimeta 30. Ukiwa wa mti ambao kwa jumla hunywea asilimia 9 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, tofauti hiyo ya unyevu wa pointi 10 itaupunguza upana wake kwa milimita 9 hivi. Ukiwa wa mti unaonywea asilimia 4 tu, utapungua kwa milimita 4. Mninga umo katika kundi hili la pili, na utulivu huo ni mojawapo ya sababu za sifa zake katika biashara ya mbao, pamoja na kiini chake kinachostahimili mchwa. Lakini hata mninga hauwezi kumtetea fundi aliyeunga mbao mbichi. Ulimi ukikazwa ndani ya tundu ungali na maji, utanywea humo humo, gundi itaachia, na msumari utabaki katika tundu lililolegea. Mbao nene huzidisha tatizo, maana kitovu chake huchelewa sana kukauka. Yule fundi aliyedhani unene ni nguvu alikuwa, kwa kweli, amefungia maji ndani ya miguu ya kochi.

Hesabu ya mguu na ubao

Jibu la pili ni umbo. Uwezo wa ubao kubeba uzito bila kuvunjika hufuata upana wake ukizidishwa kwa kimo chake mara mbili; ugumu wake wa kutopinda hufuata upana ukizidishwa kwa kimo mara tatu. Kwa hiyo ubao wa sentimeta 2.5 kwa 5 unaoshikilia kitako cha kiti, ukisimamishwa kwa ubavu badala ya kulazwa, huwa na nguvu mara mbili na ugumu mara nne. Mbao ni zile zile. Kilichoongezeka ni maarifa.

Kadhalika mguu. Mtu anapojisukuma nyuma, nguvu ya kuukunja mguu huwa kubwa zaidi juu, kwenye kiungo, nayo hupungua hadi kwisha chini kabisa, unapogusa sakafu. Kwa hiyo mguu una haki ya kuwa mnene juu na mwembamba chini. Miguu iliyochongoka ya miaka ya 1950 ni mchoro wa hesabu hiyo.

Fundi anaweza kuuliza: mbao zinazochongwa si zinapotea? La, akipanga vizuri. Mguu wenye upana wa sentimeta 4 juu na 2 chini, ukilazwa na mwenzake mzungu wa nne, kichwa cha huyu penye unyayo wa yule, miguu miwili hutoka katika ubao wa sentimeta 6, ukiongeza kidogo kwa njia ya msumeno. Miguu minyoofu ya sentimeta 4 ingetaka sentimeta 8. Robo ya ubao imeokolewa bila kuondoa nguvu yoyote inayohitajika.

Mti wa takriban miaka mia

Hapa ndipo hesabu ya karakana inapokutana na msitu. Mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi wake ukinenepa chini, hadi siku unapopata nguvu ya kurefuka na kuushinda moto. Baada ya hapo hukua polepole. Huchukua takriban miaka 80 hadi 100 kufikia unene wa kufaa kupasuliwa mbao. Kuupanda katika mashamba, kama upandwavyo msaji, kumekuwa kugumu. Mninga unaoangushwa leo uliota kabla babake yule mwenyeji hajazaliwa.

Vibali na ulinzi wa misitu ni vya lazima, lakini havitoshi ikiwa karakana inatafuna mbao. Ikiwa kochi moja zito linatumia mbao za kutosha viti viwili vyepesi, basi kila mti unaoangushwa unakalisha nusu tu ya watu ambao ungeweza kuwakalisha.

Hatua ya kwanza haihitaji mtambo. Mbao zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Kipande kimoja kipimwe kwa mizani ya dukani kila wiki na uzito wake uandikwe. Maadamu uzito unashuka, maji bado yanatoka. Ukikoma kushuka kwa wiki kadhaa, ubao umetulia na hewa ya mahali hapo, na patasi inaweza kuanza kazi. Hatua ya pili ni ya mnunuzi. Asiulize kochi lina uzito gani. Aliinue upande mmoja, alitikise, na kuchungulia viungo vyake kwa chini.

Yule mwenyeji wa Mpanda alikuwa akifikiria kukitoa kiti cha babake, kwa kuwa wageni hukiona cha kimaskini. Nilimsihi akihifadhi, na ikiwezekana amwalike fundi wake akipime kwa futi, kiungo kwa kiungo. Kimekalia sakafu ile masika na viangazi zaidi ya sitini, na bado hakichezi.