Je, wajua gari lako lilitoka kiwandani na bomba la hewa baridi?

Fungua boneti ya gari dogo la Kijapani ambalo halijachezewa, ufuate boksi la eya klina kwenda mbele. Mara nyingi utakuta bomba jeusi la plastiki ambalo mdomo wake umetokea nyuma ya grili au pembeni mwa taa. Mdomo ule haukuwekwa pale kwa bahati. Hapo ndipo hewa ya nje inapoingia kabla haijapita kwenye rejeta wala kuguswa na joto la ekzosi. Yaani ile inteki ya hewa baridi ambayo vijana wengi wanaiunda kwa bomba la PVC na filta ya koni, tayari imo ndani ya gari. Inaniuma kuona inang'olewa na kutupwa jalalani ili nafasi yake ichukuliwe na kitu kilicho duni.

Wazo lenyewe ni la kweli. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ikifika nyuzi 60 hubaki na kilo 1.06. Petroli kilo moja huhitaji hewa kilo 14.7 ili iungue sawasawa, kwa hiyo hewa nzito ndani ya silinda huleta nguvu zaidi. Kasoro ni kwamba filta ya koni iliyofungwa wazi chini ya boneti, bila ukuta wa kuitenga na injini, huvuta hewa iliyokwisha kupata moto, hasa foleni ikikaza. Kinachoongezeka ni mlio. Vile vichemba vya plastiki vilivyozibwa, vinavyoning'inia kwenye bomba la kiwandani, viliwekwa kuua mvumo; fundi akivikata, injini inanguruma na dereva anaamini gari limepata nguvu mpya.

Lakini hasara kubwa iko kwenye kifaa ambacho wengi hawajawahi kukitazama: kile kisensa kilichochomekwa kwenye kifuniko cha boksi la eya klina au mara tu baada yake, ambacho kwenye Toyota nyingi kina nyaya 5. Kompyuta ya gari haiwezi kupima petroli ya kunyunyiza bila kujua hewa iliyoingia ni kiasi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Bosch ilileta kwenye magari njia ya ajabu ya kuipima: waya wa platinamu wenye unene wa milimita 0.07, ukatandazwa kwenye njia ya hewa na kupashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama mtu anavyopuliza uji. Papo hapo saketi inauongezea umeme ili waya uendelee kuwa na joto lilelile juu ya joto la hewa. Kiasi cha umeme kinachotumika ndicho jibu. Waya hupima uzito wa hewa, si ujazo wake, na ndiyo maana gari linaweza kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi bila mtu kugusa chochote, nayo kompyuta ikapunguza mafuta yenyewe kadiri hewa inavyopungua. Hesabu ya jinsi hewa inavyopoza waya wa moto iliandikwa mwaka 1914 na Louis Vessot King, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada.

Mifumo ile ya mwanzo ya Bosch ilikuwa na tabia moja ninayoipenda sana. Ukishazima injini, kompyuta iliuwasha waya hadi nyuzi joto kama 1,000 kwa sekunde moja, ili kuunguza vumbi na mafuta yaliyogandia. Sababu ni kwamba waya wenye uchafu umevikwa nguo: hewa haiupozi vizuri, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, na injini inanyimwa petroli.

Sasa tazama kinachotokea kwa bomba la PVC. Kisensa hakipimi hewa yote. Kinaonja sehemu ndogo inayopita mbele yake, kisha kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kufuata kipenyo cha bomba la kiwandani. Tuseme bomba hilo lilikuwa na kipenyo cha milimita 60, ukaweka la inchi 3, yaani milimita 76. Eneo la njia limeongezeka kwa asilimia 60. Hewa ileile sasa inapita polepole, na waya unaripoti chini ya theluthi mbili ya hewa iliyoingia kweli. Kompyuta itajitahidi kusahihisha kwa msaada wa sensa ya ekzosi hadi ifike ukomo wake, kisha taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na mashine ya kupimia inaonyesha P0171: mchanganyiko una petroli pungufu. Mwenye gari anauziwa plagi, anauziwa pampu ya mafuta, na kosa liko kwenye bomba.

Kuna madhara mengine. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, joto ambalo chini ya boneti si geni. Filta ya koni ya bei rahisi hupitisha vumbi, na vumbi letu la barabara za udongo limejaa kwatzi ngumu inayokwangua ringi na silinda mpaka gari linaanza kula oili. Wanaoteremsha mdomo wa bomba hadi nyuma ya bampa wakikuta maji yamejaa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, injini inavuta maji. Maji hayashindiliki, na konrodi inapinda.

Na hiyo nguvu inayotafutwa? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko Mombasa. Mwinuko unanyang'anya nguvu nyingi kuliko bomba linavyoweza kurudisha. Kuhusu kubana mafuta, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa matokeo mwaka 2009: kwenye magari ya petroli ya kisasa, hata filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, ilichopunguza ni kasi ya kuchanganya. Dereva anayekwenda taratibu tayari ameibana hewa mwenyewe kwa mguu wake.

Kazi ya kubadilisha inteki ina mahali pake: magari ya mashindano, injini za tabo zilizopangiwa programu upya, snokeli ya Land Cruiser za porini, boksi la kujitengenezea lenye ukuta na mpira wa kuziba vizuri.

Kwa sisi wengine, tiba ni rahisi na tunaidharau. Gereji nyingi huliacha bomba la mbele pembeni baada ya kazi, klipu zikivunjika boksi linafungwa kwa kipande cha tyubu, na filta ya karatasi inapulizwa kwa kompresa mpaka inachanika. Usikubali. Dai bomba lako lirudishwe. Klipu zikikosekana, nenda kwenye maduka ya vipuri ya Shaurimoyo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukatafute boksi zima la gari la aina yako. Badilisha filta badala ya kuipuliza, na kisensa kisafishwe kwa dawa yake, si kwa petroli na kitambaa. Ukifanya hayo, injini yako itapata hewa baridi, safi, na iliyopimwa sawasawa.